Mwandishi wangu kaanzisha mpelelezi mpya, ananoga kuliko wa zamani, najiona msaliti. Shida ni nini?

#1 Kurasa_Mia
Wakuu salaam. Nina ugomvi na nafsi yangu, nauleta hapa.

Kuna mwandishi wa riwaya za upelelezi ninayemsoma tangu nikiwa na miaka 19. Vitabu 11, mpelelezi mmoja: mzee mkimya ambaye kabla ya kuuliza swali lenye uzito huvunja njiti ya kiberiti katikati, akazilaza nusu zote mbili sambamba kwenye kisahani cha majivu. Sigara yenyewe aliiacha kitabu cha pili, njiti zikabaki. Mimi namwita Mzee wa Njiti. Kitabu cha 11 akastaafu, na mwandishi akatangaza kwamba anaanza mfululizo mwingine na mtu mwingine. Nikanuna. Nikaapa sigusi.

Mwezi uliopita dada yangu akaniletea zawadi vitabu viwili vya mfululizo huo mpya. Cha kwanza nilikifungua ili nipate cha kuponda tu. Nimekimaliza kwa mikesha miwili. Mhusika mkuu wala si polisi, ni mkaguzi wa madai ya bima. Sura ya kwanza anaingia chumba ambacho mwenyewe amekufa, inasemekana alianguka kwenye ngazi akibadilisha taa. Kila mtu anatazama ngazi. Yeye anapiga magoti, anapapasa zulia kwa kiganja, anakuta vishimo vinne vya miguu ya kabati, hatua mbili kutoka pale kabati liliposimama sasa. Hasemi kitu. Anaandika kwenye fomu yake "Kabati?" na sura inaishia hapo. Nilinyanyuka kwenda kunywa maji nikarudi mbio.

Sasa swali. Kalamu ni ileile, kwa nini imenoga ghafla? Vile vitabu vitatu vya mwisho vya Mzee wa Njiti nilikuwa navisoma kwa heshima tu, kama unavyokaa na mgeni aliyesahau kuaga. Jina la mwandishi silitaji. Humu kuna watu wakishalijua wataenda kuutafuta mwisho waje waumwage.

#2 WaKwanzaDaima
Wa kwanza! Sijasoma chochote, naweka kambi.

#3 Jicho_Tongo
Jibu jepesi hilo mkuu. Alimchoka. Conan Doyle alimchoka Sherlock Holmes mpaka akamtupa kwenye maporomoko ya Reichenbach mwaka 1893. Wasomaji wakapiga kelele, ikabidi amfufue kwenye ile riwaya ya mbwa wa Baskerville. Mwandishi akimchoka mtu wake utaona kwenye sentensi, zinaanza kuburuta miguu. Akipata mtu mpya anaamka.

#4 BintiMaktaba
Jicho_Tongo, nusu sawa, nusu umeteleza. Riwaya ya mbwa ilianza kutoka 1901, lakini kisa chake kimewekwa kabla ya Holmes kuanguka, kwa hiyo hapo bado ni marehemu. Ufufuo wenyewe ulikuja 1903 kwenye hadithi fupi ya "The Empty House".

Na mfano wako unakugeuka. Doyle alimwacha Holmes ili apate nafasi ya kuandika vitu alivyoviona vya maana zaidi, hasa riwaya zake za kihistoria. Haya, nani humu amezisoma? Mtu anaweza kumkimbia mhusika aliyemchosha na bado asiandike kitu cha kumzidi. Uchovu unaeleza kwa nini aliondoka. Kunoga hauelezi.

#5 Jicho_Tongo
Nimesahihishwa na nimepigwa ndani ya ujumbe mmoja. Asante dada.

#6 Kigoda
Mimi nasema ni mzigo. Mpelelezi wa kitabu cha kwanza anaingia mikono mitupu. Wa kitabu cha 11 ana mtalaka, binti asiyepokea simu, risasi ya begani inayouma mvua ikitaka kunyesha, bosi aliyemsaliti kitabu cha nne, na rafiki aliyekufa kitabu cha saba ambaye lazima akumbukwe kila akipita mtaa fulani. Na kila kitabu kinamtarajia msomaji mgeni, kwa hiyo yote yanasimuliwa upya.

Niliwahi kuchukua penseli na kitabu cha tisa cha mwandishi wangu mwingine, nikapigia mstari kila aya ya kukumbusha mambo ya nyuma. Mpaka ukurasa wa 60 nusu ya penseli ilikuwa imeisha, na maiti alikuwa bado hajapatikana.

#7 Sina_Kibali
Kigoda hiyo penseli ulikuwa unaila?

Tukirudi kwenye mada, mnazunguka tu. Sababu ni hofu. Vitabu 11 umeshajua Mzee wa Njiti hafi. Hata akifungiwa kwenye gari linalozama, moyo wako unasema atatoka, kitabu kijacho kishatangazwa. Mhusika mpya hana dhamana hiyo. Wala wanaomzunguka hawana. Msaidizi wake anaweza kufa sura ya tano. Yeye mwenyewe anaweza kuwa muongo. Mwandishi anaweza kukuchezea hata kwenye suala la nani hasa ni mhusika mkuu.

#8 Kurasa_Mia
Sina_Kibali umenishika pabaya. Sura ya 19 huyu dada wa bima anashuka ghala la chini kuangalia mita ya umeme, na anayemwangazia tochi ni mtu ambaye tumeshaonyeshwa mara mbili akidanganya vitu vidogo. Nilifunga kitabu nikakiweka upande wa pili wa chumba. Kwa Mzee wa Njiti sijawahi kufanya hivyo hata siku moja.

Ila Kigoda naye ana hoja. Huyu dada hana historia yoyote. Mpaka kitabu kinaisha sijui kama ana mume. Najua tu hafungi kalamu yake kofia, na mifuko yote ina madoa ya wino.

#9 MamaWawili
Mimi husoma ukurasa wa mwisho kwanza. Naanza nikijua muuaji, halafu narudi mwanzo kumtazama anavyojificha. Raha yake hamuijui.

#10 WaKwanzaDaima
Mods huyu mama afungiwe.

#11 Sina_Kibali
Maisha. Bila rufaa.

#12 MamaWawili
Endeleeni kucheka. Nyie mnamsoma muuaji mara moja, mimi nakaa naye kurasa 400. Halafu kwangu mhusika mpya au wa zamani hana tofauti, kinachonoga ni namna ilivyofichwa. Kurasa_Mia, yale mashimo ya kabati ungeyapenda hata kama angeyapapasa Mzee wa Njiti.

#13 MzeeWaDondoo
Habari zenu vijana. Hapo juu wote mnamsema mwandishi na mhusika, hakuna aliyeitaja kalenda.

Ian Rankin alimwanzisha mpelelezi wake Rebus mwaka 1987 na akamzeesha sawasawa na miaka halisi. Matokeo yake ni kwamba Rebus alipofika 60 ilibidi astaafu, maana kwenye polisi wa Scotland umri wake wa kazi ulikuwa umekwisha. Hicho ni kitabu cha 2007, cha 17 kwa Rebus. Kwa hiyo hakikuwa kinyongo wala uchovu, ni hesabu tu. Mwaka 2009 akaja na Malcolm Fox, askari anayechunguza askari wenzake. Mtu tofauti kabisa: hanywi pombe, mtaratibu, anafuata kanuni.

Mimi nilimpenda sana Fox. Halafu 2012 Rebus akarudi, na Fox yumo ndani, safari hii tunamwona kwa macho ya Rebus. Yule mtu mwungwana niliyekaa naye vitabu viwili amegeuka mbea wa ofisini anayemfuatafuata mzee wangu. Nilikasirika wiki nzima. Baadaye ndipo nilipoelewa kuwa lile ndilo somo zuri kuliko yote aliyonipa: ni mtu yuleyule, kilichohama ni kiti cha msimulizi tu.

Kurasa_Mia, nakwambia mapema. Mzee wa Njiti atarudi. Jiandae.

#14 Jicho_Tongo
Kumbe mwandishi wetu ni Rankin! Tumempata.

#15 Kurasa_Mia
Siye. Nimesema vitabu 11, na Dondoo kasema 17. Soma kwa utulivu mpelelezi.

#16 Jicho_Tongo
Basi Michael Connelly. Ana mpelelezi Bosch tangu 1992, ana yule wakili wa kwenye gari, Mickey Haller, kuanzia 2005, ana mpelelezi wa kike Renée Ballard kuanzia 2017. Kila mfululizo na dunia yake.

#17 BintiMaktaba
Dunia ni moja. Bosch na Haller ni ndugu wa baba mmoja. Na Ballard hakukaa peke yake hata miaka miwili, 2018 alishawekwa na Bosch kitabu kimoja.

Na Bosch ana vitabu vingi kuliko 11, kwa hiyo siye. Acha kubahatisha, tumia hesabu.

#18 Jicho_Tongo
Dada unanifuata kama mkaguzi wa bima.

#19 Kibatari
Nimecheka #18.

Mimi natia neno kuhusu kalenda ya Mzee Dondoo. Si lazima mhusika azeeke. Sue Grafton aliandika mfululizo mmoja wa herufi kuanzia A mwaka 1982 mpaka Y mwaka 2017, na mpelelezi wake Kinsey Millhone miaka yote hiyo hakutoka kwenye miaka ya 1980. Dunia ya nje imepata simu za mkononi na intaneti, yeye bado anatafuta simu ya sarafu na kupiga taipu ripoti zake. Miaka 35 ya mwandishi imekuwa miaka michache ya mhusika. Na mimi sikuchoka. Kwa hiyo ile nadharia ya kwamba mfululizo mrefu lazima ulegee naipinga.

Alifariki mwishoni mwa 2017. Z haikuandikwa, na familia ikasema kwao alfabeti inaishia Y. Nina rafu nzima ya vitabu hivyo, na mwisho kabisa nimeacha upana wa kitabu kimoja wazi. Mgeni akija ananiuliza kitabu gani kimeazimwa.

#20 Kigoda
Kibatari hiyo ya rafu imenikaa.

Upande wa pili wa kalenda ni mpelelezi Poirot. Agatha Christie alimwanzisha 1920 akiwa tayari ni askari mstaafu, halafu akaendelea naye zaidi ya miaka 50. Piga hesabu, mzee yule amevuka 100 na bado anapanda treni. Christie mwenyewe alikiri kwenye maisha yake kwamba alikosea kumwanza mzee vile. Na alivyomchoka, alipofika uzeeni akaandika kitabu cha kumuua.

#21 BintiMaktaba
Samahani tena, jamani mtanichukia. Kitabu hicho hakikuandikwa uzeeni. Aliandika wakati wa Vita Kuu ya Pili, akakifungia, kikatoka 1975. Yaani kwa miaka 30 na ushee alikuwa anamwandikia Poirot visa vipya huku maiti yake iko kabatini tayari. The New York Times wakamwandikia tangazo la kifo ukurasa wa kwanza kama binadamu.

Na hii ndiyo inanitatiza kwenye nadharia ya uchovu (#3). Huyu alimchoka kweli, alisema hadharani, na baadhi ya vitabu vizuri vya Poirot ni vya kipindi hichohicho cha kuchokwa.

#22 Sina_Kibali
Kwani Christie naye hakuwa na mfululizo mwingine? Miss Marple, yule bibi mpelelezi wa kijijini, riwaya yake ya kwanza 1930. Wakati Poirot anamchosha alikuwa anakwenda kupumzika kijijini kwa bibi. Labda siri si kuanza upya. Labda ni kuwa na nyumba mbili.

#23 Kurasa_Mia
Sijawahi kuambiwa nadharia ya ndoa ya wake wawili kwenye fasihi 😂

#24 Tarishi
Naleta upande mbaya. Mnasahau biashara. Kitabu cha kwanza cha mfululizo ndicho kinachohaririwa kwa jasho. Mchapishaji anajua kisiponasa hakuna cha pili. Mwandishi naye anajua wasomaji wa zamani wamenuna (Kurasa_Mia si umenuna?) na anataka kuwarudisha. Kitabu cha 11 kilikuwa na wanunuzi wa uhakika, kingeuzwa hata kingekuwa orodha ya simu. Usilinganishe bwana harusi na baba wa watoto sita. Subiri kitabu cha tano cha huyo dada wa bima, ndipo uje ufungue uzi.

#25 Kigoda
Tarishi umeua. Lakini kuna mifululizo ambayo kitabu cha kwanza ndicho dhaifu. Mwandishi bado anamtafuta mtu wake, anamvisha kofia, anamvua. Mingi hukaa sawa kwenye cha tatu au cha nne.

#26 Tarishi
Ya mwandishi mchanga. Huyu wa Kurasa_Mia anakuja na vitabu 11 kiunoni. Makosa yake ya kwanza aliyafanyia kwa Mzee wa Njiti.

#27 Kurasa_Mia
Ngoja. Hiyo ndiyo nadharia niliyokuwa naitafuta na umeitupa kama utani. Mzee wa Njiti alilipa ada, huyu dada amekuja kuchukua cheti.

#28 Mwana_Sauti
Mimi sisomi, nasikiliza. Kwenye vitabu vya kusikiliza tatizo lenu lina sura nyingine kabisa. Mfululizo wangu ulibadilisha msomaji wa sauti kitabu cha sita. Mhusika yuleyule, mwandishi yuleyule, lakini mimi niliona mtu mgeni amevaa nguo za marehemu. Nikaacha. Mfululizo mpya wa mwandishi huyo ulipoanza na sauti mpya nikaupokea bila shida, kwa sababu hakuna niliyemfananisha naye. Kwa hiyo kwangu ni suala la kulinganisha. Mpya hana wa kulinganishwa naye.

#29 Kibatari
Kishikwambi nacho kina balaa lake. Kile kiasilimia cha chini ukurasani. Muuaji akikamatwa ikiwa asilimia 61, unajua kabisa siye. Nimeweka kipande cha gundi ya karatasi juu ya kioo.

#30 MamaWawili
Hahaha. Mimi mnifungie maisha, na huyu anayebandika gundi kwenye kioo mnamwacha.

#31 Nusu_Mshumaa
Nimesoma uzi wote kimya. Naweka kesi yangu.

Baba yangu macho yalimwisha miaka mitano iliyopita. Namsomea kila jioni, sura moja au mbili. Tulikuwa na Maigret, mpelelezi wa Simenon. Simenon ameandika vitabu 103 vya Maigret, tulikuwa hatuna wasiwasi wa kumaliza. Siku moja nikaleta kitabu kipya cha mwandishi mwingine tunayempenda, mfululizo mpya, mpelelezi mpya. Nikasoma kurasa kumi. Baba akanyanyua mkono. Akasema, "Huyu simjui. Mwambie yule aje."

Nikamweleza yule wa zamani wa mwandishi huyo alishastaafu. Akasema, "Basi anzeni naye upya." Tukarudi kitabu cha kwanza. Anajua muuaji ni nani, mimi najua, na bado kuna mahali ananiambia punguza mwendo.

Kwa hiyo Kurasa_Mia, kuna watu mhusika kwao si chombo cha kufumbulia kesi. Ni mtu anayekuja jioni.

#32 MzeeWaDondoo
Msalimie baba. Yuko sahihi na nadharia zetu zote.

#33 BintiMaktaba
Nusu_Mshumaa, sitaki kuharibu kitu kizuri, ila kwa faida ya wanaohesabu: 103 ni jumla. Riwaya ni 75 na hadithi fupi 28. Na kwa faida ya baba: Simenon naye alimstaafisha Maigret mwaka 1934, akapumzika, halafu akamrudisha akaendelea naye mpaka 1972. Kwa hiyo "mwambie yule aje" imeshawahi kufanya kazi.

#34 Nusu_Mshumaa
Nimemsomea ujumbe wako. Kasema, "Umeona?"

#35 Jicho_Tongo
Kwa upande wetu wa Kiswahili, Muhammed Said Abdulla hakuhangaika na mpelelezi wa pili. Bwana Msa alianza na Mzimu wa Watu wa Kale 1960, na Kosa la Bwana Msa ni 1984. Mtu mmoja, kiko kimoja, na msaidizi wake Najum pembeni akishangaa. Nani alichoka? BintiMaktaba kabla hujaja: nimehakiki miaka yote miwili.

#36 BintiMaktaba
Miaka iko sawa. Nimefurahi kama mwalimu.

Ila angalia pengo: kutoka kitabu cha kwanza hadi Kisima cha Giningi, 1968, ni miaka minane. Msomaji alipewa muda wa kumkumbuka. Hawa wa sasa wanatoa kimoja kila mwaka, hujamaliza kumzika maiti wa mwaka jana.

#37 Sina_Kibali
Na Bwana Msa hana vidonda vya ndani. Anafika, anavuta kiko, anauliza, anaondoka. Nadharia ya mzigo ya Kigoda inasimama hapo.

#38 Kigoda
Hatimaye mtu ameniunga mkono bila kunitania penseli.

#39 Azima_Rudisha
Penseli mmenikumbusha. Kitabu cha kwanza cha mfululizo mpya wa mwandishi wangu nilikiazima maktaba. Ukurasa wa 31 jina la mhusika mmoja limezungushiwa duara kwa penseli, na pembeni imeandikwa "NI HUYU". Nikatupa kitabu kitandani. Nikakaa siku tatu bila kukigusa. Mwishowe nikasema potelea mbali, nikaendelea.

Haikuwa huyo. Aliyeandika alikuwa anabahatisha, ukurasa wa 31! Lakini kitabu kizima nilimtazama yule mtu kwa jicho baya, nikampita muuaji mara tatu bila kumwona. Sijawahi kudanganywa vizuri vile na mwandishi yeyote aliyelipwa.

#40 WaKwanzaDaima
Wakuu nimetoka kambini rasmi. Naenda kuazima kitabu leo, na ninabeba penseli.

#41 Tarishi
Muone huyu.

#42 MzeeWaDondoo
Mleta mada kapotea. Kurasa_Mia, kitabu cha pili vipi?

#43 Kurasa_Mia
Nipo. Sikupotea, nilikuwa nasoma. Niko ukurasa wa 212 na mikono inanitetemeka kidogo, naandika hapa ili nipumue.

Dada wa bima anachunguza nyumba iliyoungua. Chumba cha nyuma hakikushika moto. Amejaza fomu kwa kurasa tatu, meza, kiti, pazia, kila kitu na thamani yake, mtindo wake uleule. Mstari wa mwisho wa orodha: kisahani cha majivu, kitupu, na njiti moja ya kiberiti iliyovunjwa katikati, nusu mbili zimelazwa sambamba. Hazijawashwa. Anaandika "Njiti?" na sura inaisha.

Hajui ni nini. Kwenye kitabu hiki chote hakuna anayejua ni nini. Mimi tu ndiye ninayejua.

#44 Sina_Kibali
Weeee.

#45 MzeeWaDondoo
#13, aya ya mwisho. Sisemi zaidi.

#46 Tarishi
Biashara hiyo. Kakuwekea chambo wewe mwenye vitabu 11. Msomaji mpya anapita hapo bila kujikwaa.

#47 Kigoda
Au ndiyo mzigo unaanza kupakiwa. Mmoja mmoja. Kwanza njiti, halafu mtalaka.

#48 BintiMaktaba
Au siye. Umesema mwandishi huyu hupenda kuonyesha kitu bila kukitaja. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na yule mzee meza moja anaweza kuwa ameiokota ile tabia: askari wake wa zamani, binti yake, mtu aliyehojiwa. Kurasa_Mia, kwenye vitabu 11 ni nani mwingine aliyewahi kuvunja njiti?

#49 Kurasa_Mia
...Kitabu cha saba. Rafiki yake, yule aliyekufa. Alikuwa anamwigiza ili kumtania.

#50 Kigoda
Aliyekufa tukamwona amekufa, au aliyekufa tukaambiwa?

#51 Kurasa_Mia
Ngoja nikatafute kitabu cha saba.

#52 MamaWawili
Ukurasa wa mwisho uko hapohapo mkononi mwako.

#53 Kurasa_Mia
Usinijaribu mama.